Boti Ikiisha

Kila mgeni alipouliza ile boti ya tanga iliyoegemezwa uani ingeisha lini, fundi alijibu vilevile: "Ikiisha, naondoka." Kisha anamtupia mkewe jicho la pembeni na kuangua kicheko. Wageni nao hoi. Mkewe anawamiminia chai, anajiwazia. Naondoka! Si tunaondoka. Mtu na mke wake wa ndoa, neno dogo hivyo linamshinda?

Basi naye akafanya lake. Kila mvua zikikaribia, mume akiwa kazini, anapanda na bisibisi, anachomoa skrubu za sitaha, anakwangua gundi iliyoziba matundu, anazirudisha kana kwamba hazijaguswa. Maji yakapenya chini ya ganda la faiba hadi kwenye mbao za ndani, zile zinazobeba mlingoti. Zikaoza. Fundi akikata na kujenga upya, yeye anafungua upya. Pole mume wangu, anamwambia, na maji ya kuoga anampashia.

Siku alipokamatwa hakupigwa wala kutukanwa. Fundi aligonga sitaha kwa nyundo, ikatoa mlio mzito, kama mkate uliolowa. Akachomoa skrubu, akaona mikwaruzo ya bisibisi ya jikoni, ile yenye ncha iliyovunjika. Akamkabidhi mkewe patasi.

"Karibu kazini, bibie. Ulichokiozesha utakitoa."

Akakitoa, kwa magoti, uozo mweusi umejaa kwenye kucha, mume amekaa kivulini anamsahihisha. Akajifunza kupanga mbao mpya, kulaza faiba, kuziba. Siku ya kuziba tundu la mwisho, akafungua kabati la mbele kutafuta kitambaa, akakuta majaketi mawili ya kuelea, kubwa na dogo. Dogo limeandikwa, kwa mwandiko wa fundi, jina analomwita wakiwa wawili tu: Kasuku.

Akalivaa, akatoka nalo, analia na kucheka. "Kumbe ulikuwa unanitania!"

"Nilikuwa nakutania," fundi akasema. "Uso ukikusawijika, nasikia raha. Livue, utalichafua."

"Nisamehe, mume wangu."

"Nimekusamehe. Geuka nikufungulie."

Akamfungua mikanda, taratibu, kwa upole. Kisha akaigonga sitaha kutoka mbele hadi nyuma. Ikalia ngumu, kavu, kila mahali. Hata fundi mwenyewe hakuwahi kuziba vizuri hivyo.

"Hongera," akasema. "Imeisha. Naondoka."

Mkewe akamkazia macho, akingoja acheke.