Marekebisho Madogo

Siku mwanafunzi anapotetea tasnifu yake, msimamizi wake haruhusiwi kufungua mdomo. Anakaa pembeni, ananyamaza, basi. Kwa mtu mwenye ulimi kama wangu hiyo ni adhabu, na siku ile ilikuwa adhabu maradufu, maana mwanafunzi wangu alikuwa anajichimbia kaburi mbele ya macho yangu.

Nimefanya utafiti wa uhamiaji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zenyewe, bila msaada wa dukani. Mama yangu hajawahi kuielewa kazi hii. "Si uwaulize tu kwa nini walihama, wakujibu, urudi nyumbani?" huniambia. Katika wote niliowalea kwenye somo hili, huyu binti ndiye aliyenikaa moyoni. Alikuja kutoka nchi nyingine na mumewe na mtoto wao, akaandika kuhusu vibali vya wageni wanaosoma hapa kwetu, yaani kuhusu watu kama yeye. Na kibali chake mwenyewe kilikuwa kinaisha mwezi ule ule. Akifaulu, hata kwa marekebisho madogo, angepata kibali cha kazi. Akiambiwa aandike upya hata sura moja, angehesabiwa hajafaulu, na watu wa uhamiaji hawaongezi muda. Angefungasha na kuondoka.

Mtahini wa nje tulimwita Msumeno. Hatukumwonea. Tasnifu ikipita mikononi mwake kinachobaki ni unga wa mbao.

"Sura ya nne," akasema, akivua miwani. "Umesema kanuni hii ya vibali haikufikiriwa. Una uhakika?"

"Nina uhakika, profesa. Walioitunga hawakijui chuo kikuu. Wangekuwa hata na mtu mmoja aliyewahi kusimamia mwanafunzi, wasingeandika vile."

Kanuni ile ilikuwa kazi ya Msumeno. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, ila majina ya wajumbe hayakutangazwa kamwe. Sisi wa fani tulijua kwa minong'ono tu. Binti wa watu hakujua, nami sikumwambia, kwa sababu msimamizi akithubutu kumjadili mtahini na mwanafunzi, mtihani unafutwa. Nikakohoa. Mtahini wa ndani, mwalimu wetu wa takwimu, mtu mpole ajabu, akanikata jicho. Nikanywa maji.

Maswali yalipokwisha wakamwambia binti akasubiri kwenye korido.

"Sura hii ina hasira," Msumeno akasema mlango ulipofungwa. "Aandike upya."

"Kibali chake kinaisha mwezi huu," akasema mwalimu wa takwimu. "Tukimrudishia sura, naye atarudishwa kwao."

"Hilo halituhusu. Tunatahini tasnifu, hatutahini pasipoti."

Hapo nilitamani kumrushia jagi. Nilisema kimoyomoyo maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi: mtu hapewi shahada kwa kuonewa huruma, na mimi mwenyewe nimelisema hilo mara nyingi, tena kwa sauti kubwa.

Mwalimu wa takwimu hakupandisha sauti. "Sawa, profesa. Basi tuonyeshe palipo na uongo kwenye sura hiyo, tumwandikie."

Msumeno akaanza kupekua. Alisoma kama mtu anayetafuta miiba kwenye samaki. Akarudi nyuma, akasonga mbele, akaandika kitu pembeni, akakifuta. Mwishowe akaifunga tasnifu na kuiwekea kiganja juu.

"Ile kamati ilikuwa na maprofesa watupu," akasema polepole. "Hakuna mwaka ambao hatumrudishi mtu akaandike upya. Ndiyo kazi yetu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka hilo. Tuliandika kwamba kibali kinaisha muda wa masomo uliopangwa unapoisha, hakiongezwi, tukapongezana, tukaenda kula."

Akainua kiganja, akachukua kalamu.

"Uongo haumo," akasema. "Hasira imo, lakini hasira si kosa. Amefaulu. Marekebisho madogo. Moja tu."

Binti akaitwa. Alisimama mikono nyuma, kama anayesubiri viboko. Msumeno akamwambia amefaulu, na kabla hajapumua vizuri akaendelea: "Umeandika kwamba waliotunga kanuni hawakijui chuo kikuu. Rekebisha hapo. Wanakijua vizuri sana. Mwenyekiti wao nilikuwa mimi."

Binti akaziba mdomo. "Profesa, jamani, nisamehe, mimi sikuju—"

"Usiniombe msamaha. Andika. Na makali usiyapunguze."

Nje kwenye korido niliketi sakafuni na sketi yangu ya heshima, nikalia kwa furaha bila kujali nani anapita. Miezi yote ile kila nilipomuuliza alinijibu, "Tumetulia, mwalimu, usijali." Sasa alikuwa amesimama karibu yangu, simu sikioni, anacheka na kufuta kamasi kwa wakati mmoja.

"Nimefaulu, mume wangu! Fungua mabegi. Yote. Hata lile la vyombo."

Kumbe walishafungasha. Nikasikia mtoto akimpokonya baba yake simu, akiuliza kwa sauti nyembamba kama kitanda chake kitarudi.

"Kile tulishakigawa, mwanangu," binti akasema. "Tutanunua kingine. Hapa hapa."