Michikichi ya Yunisi

Alphonce hakuhesabu michikichi kwa kidole kama wanunuzi wengine. Aliufuata kila mti, akaugonga kwa ubapa wa panga, akatega sikio, ndipo akaupaka chokaa. Ukishapakwa chokaa, ni wake.

"Thelathini na minane," alisema alipopanda kutoka bondeni, jasho likimchuruzika. "Ila mitano imezeeka, Mzee Elikana. Hiyo nakuchukulia kwa huruma tu."

"Huruma kaa nayo," Elikana alimjibu. "Marehemu mke wangu aliipanda mwenyewe, ndoo kichwani, mimba tumboni. Wewe lipa."

Alphonce alicheka, akatoa simu. Nusu ya bei ilikwenda moja kwa moja kwa Leonia, binti pekee wa Elikana, aliyekuwa nyumbani Gungu, mjini, akisubiri. Namba ya malipo ya chuo alikuwa nayo, na mwisho wa kulipa ulikuwa siku hiyohiyo saa kumi alasiri. Nusu nyingine ingekuja mwezi ujao, ya kumlisha na kumlaza huko chuoni. Mkopo wa serikali ulikuwa umetoka, hatukatai, lakini ulitoka kama chumvi ya kuonja kwenye ncha ya ulimi. Mzazi, jazia. Mzazi mwenyewe ni mwanika dagaa, na mwaka ule ziwa lilikuwa limefungwa miezi mitatu samaki wazaliane. Vizuri, wazaliane. Lakini waliofunga ziwa hawakufunga matumbo ya watu.

Elikana alishuka kuelekea barabarani, Mwandiga, akatafute gari la kurudi mjini. Hakugeuka nyuma. Alijiambia ni miti tu.

Mkewe Yunisi alifariki miaka sita iliyopita, mimba ya pili ikiwa na miezi saba. Damu ilikuwa imepungua. Kliniki walimwandikia kwenye kadi: maini, mayai, mboga za majani, dagaa. Dagaa! Mwanamke alizikwa viganja vyake vikinuka dagaa, na nyumbani kwake dagaa walikuwa hawaliwi. Walikuwa wa gunia. Wa gunia wanauzwa. Nyumbani mnakula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, mnashukuru. Muuguzi alimwambia Elikana, kwa sauti ya kumgombeza, "Mzee, hili ni suala la lishe." Neno hilo halikumtoka kichwani tena.

Halafu akakutana nalo limeandikwa kwenye mlango wa gari.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma, alipopata zabuni ndogo ya kupeleka dagaa kambini kwa wakimbizi, kwa shirika moja lililokuwa likiwafundisha kina mama mapishi. Gari jeupe, kiyoyozi, na mlangoni, LISHE. Akashuka binti mmoja, kitambulisho shingoni kimeandikwa Happiness, akaingiza mkono ndani ya gunia, akanusa, akasema, "Hawa wana mchanga. Rudisha." Mwanamume mzima akarudisha. Safari iliyofuata alileta dagaa walioanikwa juu ya kichanja, binti akasaini, akalipwa palepale. Elikana hakuwahi kumwona binti mwenye amri kama ile.

Basi Leonia alipomaliza kidato cha sita akataka uuguzi, baba mtu alikataa. "Uuguzi ni kukesha na ndoo. Andika lishe." Fomu ikataka chaguo la kwanza. Lishe. La pili je? Lishe. La tatu? "Mwanangu, hunielewi Kiswahili? Lishe!"

Pale stendi ya Mwandiga njaa ilimkamata. Kulikuwa na banda la mabati, mwanamke anakaanga samaki, migebuka ya ziwani, na mihogo, moshi umemfunika.

"Shikamoo baba. Cha kichwa au cha mkia?"

Uso hakuutambua. Sauti aliitambua. Ndiyo ile iliyosema rudisha.

"Wewe si Happiness? Wa kambini? Wa gari?"

Mwanamke alifuta macho kwa kanga, akamtazama. "Ah! Mzee wa dagaa wenye mchanga!"

Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa akitafuna muhogo alidakia. "Mzee, mheshimu huyo. Mama lishe wetu ana digrii. Akikuwekea kachumbari anakutajia na vitamini."

"Kula unyamaze, Martini," Happiness alisema bila kukasirika. Ilionekana utani huo alikuwa ameuzoea.

Elikana aliketi kwenye benchi taratibu. "Gari liko wapi?"

"Gari lilikuwa la mradi, baba. Mradi ulikuwa wa wafadhili, na wafadhili walikunja mkoba. Barua tulipewa Ijumaa, Jumatatu tukarudisha vitambulisho."

"Na serikalini?"

"Nimeomba mara saba. Usaili wa mwisho tulijaa ukumbi mpaka nje, nafasi zilikuwa nne. Nikaenda kujitolea zahanati mwaka mzima, nauli yangu mwenyewe. Kazi yangu kupima watoto mkono kwa utepe. Utepe ukisoma nyekundu, namwambia mama yake, mpe yai, mpe dagaa. Siku moja mmoja akaniuliza, dada, na wewe leo umekula nini?"

"Ukamjibuje?"

"Nikaandika kwenye daftari kwamba ushauri umetolewa."

Martini hakucheka. Elikana alimega muhogo, akauweka chini.

"Kwa hiyo elimu yenyewe ni ya uongo?"

"Ingekuwa ya uongo nisingeumia," Happiness alisema, akigeuza samaki. "Kila nilichosoma ni kweli. Watu wanahitaji mtu wa kuwaambia, na zahanati zinamhitaji. Wa kumlipa ndiye hayupo. Kwani unauliza ya nini, baba?"

Elikana alikuwa ameshachomoa simu.

"Leonia! Umelipa?"

"Nimelipa, Baba. Na ujumbe umerudi."

"Saa nane hii! Haraka ya nini?"

"Si ulisema nisichelewe?"

Alirudi bondeni nusu akikimbia. Vijana wa Alphonce walikuwa tayari juu ya miti, mikungu inaanguka, puu, puu, mpaka ile iliyokuwa haijaiva vizuri. Alphonce alimsikiliza akiomba biashara ivunjwe, akatikisa kichwa. "Pesa ya chuo utaitoa wapi unirudishie? Utakipigia chuo magoti? Mzee wangu, nenda nyumbani."

Jua lilikuwa linashuka alipofika Gungu. Leonia alikuwa uani anatwanga sombe. Elikana alimweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini.

Leonia hakuacha kutwanga. "Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Dada Happiness. Nikipeleka mawese Mwandiga huwa nakula kwake. Alinieleza tangu mwezi wa pili."

"Na ukajaza fomu?"

Mchi ulitulia. "Siku ile ya fomu ulinunua soda mbili, Data." Alisema data, baba kwa Kiha, kama alipokuwa mdogo. "Tangu tumzike mama hukuwahi kununua soda. Uliniambia, ukienda kule hakuna mwanamke atakayekufa kama mama yako. Ningekwambiaje?"

Elikana alikaa kwenye kigoda akaanza kutukana. Aliwatukana waliofunga ziwa, wafadhili, wenye mikopo, wanaoajiri wanne wakati watoto wa utepe mwekundu wamejaa kila kijiji. Wote walistahili, na hata mmoja hakumsamehe. Lakini hakuna mkubwa aliyekuja Gungu kuandika lishe mara tatu kwenye fomu, na alipofika hapo matusi yalimwishia.

"Treni ni lini?"

"Ijumaa."

"Miaka mitatu," alisema.

"Mitatu. Halafu nitakuja kumsaidia dada Happiness kukaanga." Akarudia kutwanga.

Pembeni ya mlango lilisimama gunia la dagaa, limeshashonwa, likimsubiri mnunuzi wa kesho. Elikana alilinyooshea kidole.

"Lifungue. Chota dagaa utie kwenye sombe."

"Wa kuuza hao, Baba."

"Chota."

Leonia alikata uzi kwa kisu, akaingiza mkono, akatoa konzi iliyojaa. Aliipima kwa macho, akamtazama baba yake, kisha akarudisha nusu guniani.

Elikana alimwona. Akainuka kutafuta sindano ya kulishona tena gunia.