Farasi Watatu wa Ziada

"Gari langu halijawahi kukataliwa getini, na halitakataliwa mpaka nife," alisema Tuukka, andazi la iliki limejaa shavuni. "Nyie mnapima mara tatu tatu kama mnachumbia. Mimi naunda mara moja, imetoka."

Akameza. Andazi likashuka vizuri, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya maneno yake, maana yalikuwa hayajapoa bado yalipoanza kumrudia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa vijana wa Rintakylä, huko mkoani Pohjanmaa, kaskazini kwenye baridi kali, ambako mtu akikukanyaga mguu hungoji radhi, unamuuliza kama ana mguu mwingine wa akiba. Jukwaani, pale babu zao walipokuwa wakiigiza, sasa kulikuwa na meza tano, na kila meza imefungwa usukani kwa skrubu, pedeli chini, skrini mbele. Theluji ilikuwa imefika madirishani.

Mchezo wenyewe ni huu wa kompyuta, wa mbio za magari, na kila shindano maalumu lina kikomo chake cha nguvu. Cha leo kilikuwa nguvu za farasi mia na hamsini. Gari likizidi hata kwa farasi mmoja, jina lake linageuka kijivu, geti halifunguki, na mwenyewe anabaki kutazama wenzake kama mbwa nje ya bucha. Klabu nayo ilikuwa imeongeza sheria yake: vifaa vya gari vimefungwa tangu Ijumaa jioni, na siku ya mbio ruhusa ni kugusa matairi na oili tu.

Mshindi hapewi kombe. Rauni, mwenyekiti wa klabu, mama wa makamo anayeendesha lori la maziwa na mwenye viganja kama vya kupakulia theluji, alikuwa ametangaza kwamba atakayeshinda ndiye atakayekalia gari jekundu la klabu, gari la kweli, kwenye mbio za vumbi kiangazi kizima. Tuukka alikuwa akikitamani kiti hicho tangu kabla hajaota ndevu. Alikuwa na miaka kumi na minane na ndevu bado zilikuwa njiani.

Aliyemnyima usingizi alikuwa Sampsa, mtoto wa mfuga nguruwe, mpana kama mlango wa ghala. Sampsa alikuwa ameunda gari lenye nguvu kupita kiasi, kisha akalitia kibati cha kubana hewa ya injini mpaka likashuka na kupita getini kwa unyenyekevu, likiwa na farasi wawili pungufu ya kikomo.

"Umemziba farasi wako pua, Sampsa," Tuukka alimwambia. "Anakoroma kama nguruwe wa baba yako."

"Nguruwe wa baba hawaongei," Sampsa akajibu bila kugeuka. "Ndiyo maana nawapenda."

Wenzao wakacheka. Tuukka akacheka pia, kwa meno ya mbele tu.

Yeye hakutaka kibati. Mwanamume, alisema, habani koo la injini yake. Alichofanya ni ujanja mwembamba zaidi: kwenye mchezo ule oili huchafuka kadiri unavyoendesha, na oili chafu hula nguvu. Basi alilipigisha gari mizunguko wiki nzima mpaka oili ikawa lami, na Ijumaa jioni namba ikasimama pale pale kwenye mia na hamsini, si zaidi, si pungufu. Ilikuwa kazi nzuri, tumpe haki yake.

Lakini Tuukka alikuwa mwanafunzi wa ufundi magari. Mwalimu wao alikuwa mzee mmoja ambaye kwake kosa la kuwasha gari la mbio na oili nyeusi lilikuwa sawa na kumtukana mama yake, na wiki ile ile alikuwa amemfokea Tuukka mbele ya darasa zima kwa kosa hilo. Tangu siku ile, mkono wake ulikuwa umejifunza: kabla ya mbio, oili. Basi mdomo ukiwa bado unapiga porojo na macho yako kwa wasikilizaji, kidole gumba kikaenda kwenye menyu chenyewe, kikachagua oili mpya, kikabonyeza.

Injini ikashukuru. Namba ikapanda: mia na hamsini na tatu. Jina la gari likawa kijivu.

Tuukka aliitazama ile rangi kama mtu anayetazama barua ya msiba. Oili iliyomwagwa hairudi. Vifaa haviguswi. Na mtu aliyetamba kwa kelele vile hawezi kusimama mbele ya Wapohjanmaa akasema, samahani jamani, nimejinyonga kwa mkono wangu. Kule heri uvunjike mbavu. Ubavu unaunga, ila kicheko cha kijiji kizima hukufuata mpaka kaburini.

Akafuta jasho. Akavua spika za masikioni, akaenda chooni, akasimama mle ndani akitazama ukuta, akirudia maneno atakayosema.

Alipotoka, Mungu alikuwa ameshampa msaada. Sampsa alikuwa ameinama kando ya meza ya Tuukka, makalio juu, anatafuta tundu la kuchomeka waya wake.

"Umegusa gari langu," Tuukka akasema, na kabla jibu halijafika akamtandika ngumi ya sikio.

Ngumi ya sikio ni mbaya. Sampsa aliinuka ameibeba meza kichwani, meza ikapinduka, usukani ukang'oka na skrubu zake na kumwangukia Tuukka kwenye vidole vya mguu. Tuukka akapiga yowe, akarusha nyingine, hii ikapata pua. Ikalia kama karoti inayovunjwa. Damu ikamwagika juu ya fulana ya Sampsa mpaka kwenye mkanda.

"We mjinga," Sampsa akasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, halafu akampiga kichwa.

Tuukka aliona nyota za mchana. Jino moja la mbele lilibaki limening'inia kwenye fizi, akalisukuma kwa ulimi likaanguka, akalitema mguuni pa mwenzake. Wakashikana. Wakabiringika jukwaani wakivunja kiti, kisha kingine, wakabeba pazia wakaanguka nalo chini, sakafuni, Tuukka akiwa chini na kilo zote za Sampsa zikiwa juu. Pumzi ilimtoka ikagoma kurudi. Sampsa akamkalia mkono mmoja kwa goti na kuanza kumpiga mbavuni, polepole, bila haraka, kama mtu anayekanda unga. Kila ngumi ilikuwa na sauti yake.

Mkono wa Tuukka uliobaki huru ulipapasa pazia ukakuta waya. Akauvuta. Pedeli za chuma zikashuka kutoka jukwaani, akazizungusha kwa waya ule kama rungu na kumpasua Sampsa juu ya jicho. Nyama ikafunguka. Uso wote ukawa mwekundu, jicho likazibika, na Sampsa, kwa kuwa haoni tena, akaukamata mkono uliompiga, akapata kidole kidogo, akakikunja upande ambao Mungu hakukipangia.

Mlio wake ulisikika mpaka jikoni. Rauni akatoka na birika la kahawa.

Aliwamwagia kahawa wote wawili, ya moto, kisha akakamata kola mbili, akawakokota hadi mlangoni na kuwatupa nje wakapiga uso kwenye theluji. Kila mmoja akaacha shimo lake, na kila shimo likawa jekundu. Wote waliokuwa ukumbini walitoka wakasimama ngazini bila makoti.

"Sasa," Rauni akasema. "Sheria mnaijua. Aliyeanza kupiga hakalii gari langu, kiangazi hiki wala kijacho. Aliyegusa gari la mwenzake hakanyagi tena kwenye klabu hii, kipigo alichokula ni halali yake, na aliyeguswa atafunguliwa vifaa arekebishe gari ashindane. Nani aliyefanya nini? Tuukka, anza wewe, wewe ndiye mwenye mdomo."

Tuukka akaketi kwenye theluji, kidole amekikumbatia kifuani. Pengo lilimfanya apulize maneno, lakini maneno yenyewe yalikuja yamejipanga. Alisema alitoka kidogo tu, haja ya mwili. Kurudi akamkuta Sampsa ameinamia meza. Alimwona kwa macho yake mawili akichagua oili, akibonyeza, na akatabasamu. Hilo la tabasamu alilitunga hapo hapo na likampendeza sana.

"Farasi watatu wa ziada," akamalizia kwa uchungu. "Ameniua getini."

"Sikugusa," Sampsa akasema. Alikuwa ameshindilia theluji kwenye nyusi na haikuwa nyeupe tena. "Nilikuwa natafuta tundu la umeme."

"Tundu la umeme liko kwenye menyu yangu?"

Mtu mmoja ngazini akaguna kwa kukubali. Rauni alimtazama Sampsa muda mrefu, na jinsi alivyokuwa akimtazama ilimfanya Tuukka asahau mbavu. Kiti cha gari jekundu alikihisi mgongoni kabisa, na mkanda wake begani.

"Sampsa," Rauni akasema, "kachukue vitu vyako."

Sampsa akainuka taratibu. Mtu wa nguruwe hajui kubisha.

"Ngoja kwanza," ikasema sauti ngazini.

Alikuwa Venla, dereva wa meza iliyopakana na ya Tuukka, ambaye asubuhi yote hakuwa amefungua kinywa. Masikio yalikuwa yamemwiva, na si kwa baridi.

"Mimi nina aibu yangu, Rauni, nitaisema. Tangu tumefika nilikuwa naichungulia skrini ya Tuukka, naiba vipimo vya gari lake. Sikuondoa jicho hata mara moja." Akamwelekezea Tuukka kidole. "Oili alibadilisha mwenyewe. Kisha akaona namba, akafuta jasho, akaenda chooni."

"Nilikwenda kwa haja," Tuukka akasema.

"Ukuta wa choo ni ubao, Tuukka, na mimi nakaa nimeuegemea," Venla akamwambia. "Ulikuwa mle ndani unafanya mazoezi. Ulisema 'umegusa gari langu' mara nne, na ile ya tatu ndiyo ilikuwa nzuri zaidi."