Mwalimu Kioo Alivyomteremsha Chiriku

Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika hata ukiwa na tonge ndani, siku hiyo aliingia nyumbani kimya akaketi juu ya begi lake.

"Kulikoni, mjukuu wangu? Umemeza kufuli?" bibi yake akauliza.

"Mwalimu Kioo kanishusha, Bibi. Niko kundi la polepole. Na kundi hilo halifanyi mtihani wa shule ya sayansi."

Mwalimu Kioo ndilo jina watoto walilokipa kibao cha shule chenye akili bandia. Kila mtoto alirudi na chake nyumbani. Kiliuliza maswali, kikasahihisha, kisha kikamwambia mwalimu nani apande, nani ateremke.

Bibi alishika tama. Mtoto huyu hujumlisha bei dukani kabla muuzaji hajafumbua mdomo. Kioo kaona nini ambacho yeye, aliyemlea tangu anatambaa, hakukiona? Asubuhi, baada ya sala, alijitanda mtandio wakafuatana hadi shuleni. Hakwenda kugomba. Alikwenda kutaka kujua.

"Shikamoo, Bibi," alisema mwalimu wa hesabu, kijana mwenye chaki hadi kwenye nyusi.

"Marahaba, mwanangu. Huyu Kioo wenu anajuaje?"

Mwalimu akamgeuzia kompyuta. Mstari wa alama za Chiriku ulipanda vizuri, kisha ukaporomoka kama gunia lililoachiwa mlimani. "Darasani hana shida. Akifika nyumbani, jioni, anaharibu. Kioo anasema labda mtoto anachoshwa na kazi za nyumbani."

"Kazi zipi? Huyu akiosha sufuria moja, mtaa mzima unatangaziwa!"

"Bibi jamani!" Chiriku akalalama.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hebu nione alipoharibu."

Mwalimu akabonyeza. Swali: tangi linavuja, litakauka baada ya muda gani? Jibu: *Lizibwe kwanza.* Swali: mkate ugawiwe watoto watatu, kila mmoja atapata sehemu gani? Jibu: *Mdogo aongezewe.*

Bibi alihisi masikio yakipata moto. Aliyajua majibu hayo kama anavyojua vidole vyake.

"Mwanangu," akasema polepole, "mwanafunzi huyo ni mimi."

"Wewe?" Chiriku akaruka.

"Ukienda bombani unakiacha mezani kinauliza. Nikaona si adabu kumnyamazia anayekuuliza. Nikikosea kinaniambia, 'Jaribu tena, unaweza.' Tangu babu yako atangulie mbele ya haki, nani mwingine ameniambia hivyo?"

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Kisha kicheko kikamkauka. "Tatizo, Bibi, kanuni yetu inasema kibao kikitumiwa na mwingine, mtoto anaondolewa kabisa kwenye mtihani. Labda tuseme tu kiliharibika."

Bibi akamtazama mjukuu wake. Neno moja tu la uongo, na mlango unafunguka.

"Hakikuharibika, na Mungu anasikia," akasema. "Kosa langu lisifutwe kwa uongo wako. Mpe chaki mtoto, umwone kwa macho yako."

Chiriku alisimama ubaoni. Akalikausha tangi, akaukata mkate sawasawa, huku akieleza kila hatua kama mtangazaji wa mpira. Mwalimu akambadilishia namba, akazikamata zote.

Mwalimu akajifuta nyusi. "Kanuni ile niliiandika mimi, nikiogopa watoto wataandikiwa majibu mazuri. Sikumfikiria bibi wa kuandika mabaya. Nitamweleza mwalimu mkuu ukweli wote. Mtihani atafanya."

"Mungu akubariki. Na hao wengine walioteremshwa? Uliwauliza?"

 Mwalimu alitazama kompyuta, akatazama ubao. Kisha akaufuta, akaenda mlangoni na kumwita mtoto wa kwanza wa kundi la polepole.

Bibi hakuaga. Alivuta benchi karibu, akamfanyia Chiriku ishara anyamaze, apate kusikia.