Aseme Alidanganya

...aseme alidanganya, ndivyo mwalimu mkuu alivyoniambia jana, mikono kaikunja juu ya tumbo kama mtu aliyetoka kushiba, Mama Chiriku, sisi hatutaki makubwa, kesho paredi mtoto asimame mbele ya wenzake, aseme aliwadanganya wakaguzi, aombe radhi, yaishe, yaishe! kama vile uongo ni ukucha, unaukata, unautupa, na asipokubali basi nimtafutie shule nyingine, mwaka huuhuu wa mtihani, na mchungaji wetu kaketi pembeni yake, maana shule ni ya kanisa, anatikisa kichwa pole pole, utii, mama, utii, na mimi nikatoka mle ofisini nimeufyata, mimi, mwalimu wa watoto wa Jumapili, na sasa asubuhi hii naisukuma pasi ya mkaa juu ya blauzi yake nyeupe hadi meza inalia, kola kwanza, kola ikinyooka mengine yanafuata... "Mama Chiriku, chai inapoa," mama mkwe huyo, yuko jikoni, hanioni lakini ananisoma, "na huyo mjukuu wangu umeshamfundisha la kusema?" nimfundishe, mama, nimfundishe tena? si kufundisha ndiko kulikotufikisha hapa, nani alimwambia tangu ananyonya kwamba Mungu hapendi ulimi wenye ncha mbili, nani alimchapa kwa kipande cha sukari, si kwa sukari, mwanangu, kwa kusema ni paka, naye akashika, akashika kweli, na kosa lake ni hilo tu, kashika alichofundishwa! wakaguzi wameingia darasani, kila kitu kinang'aa, chupa za maabara zimeazimwa shule ya jirani asubuhi ileile, watoto wamekaririshwa, mkiulizwa semeni tunafanya majaribio kila wiki, na mwalimu wa sayansi mwenyewe hajaonekana tangu mvua zilizopita, basi mkaguzi mmoja, mama wa miwani, akamnyooshea kidole mwanangu, binti, hii chupa mnaitumiaje, na Chiriku wangu, mdomo usio na pazia, akajibu, samahani, sijui, leo ndiyo mara ya kwanza kuiona, darasa zima likacheka, hata mkaguzi kacheka, aliyeshindwa kucheka ni mmoja tu, na huyo ndiye anayetaka sasa mtoto aitwe mwongo, mtu aliyeazima chupa!

"...mkono usioweza kuukata, ubusu," anasema mama mkwe, sufuria inagonga sufuria, "sisi wanyonge, mwanangu, tunaishi kwa kuinama," na mimi ningemjibu, mama, nimebusu mpaka midomo imechubuka, mwanao huyo hapo chumbani amelala chali, fundi aliyekuwa anapanda ghorofa kama ngazi za kwao, alipoanguka jukwaani bosi alikuja hospitali na machungwa, akamwinamia, sema tu ulivua mkanda wa usalama, sisi tutakutunza, na mkanda wenyewe hakuwahi kupewa, hajui hata rangi yake, naye akasema, nilivua, na mchungaji huyuhuyu akaomba, asante Bwana kwa moyo wa amani, amani gani! machungwa yakaisha, bosi hajarudi, mume wangu miguu haimsikii na kosa ni lake, kalibeba kwa kinywa chake mwenyewe, na leo wanataka na binti abebe, kumbe huu ni urithi, nyumba hii haina shamba, ina kusema nilikosa mimi... halafu Wewe uliye juu, ndiyo, nakusema Wewe, mbona mtego unautega kwa mtoto, mbona hukumwuliza mchungaji ile chupa inatumiwaje...

"Mama, tayari?" Chiriku kasimama mlangoni, taulo begani, shingo nyembamba, jana mezani aliniuliza, mama, nikisema nilidanganya, si ndiyo nitakuwa nimedanganya, nikamwambia kula, kula chakula kinapoa, nikamziba mtoto kwa tonge, "bado mikono," namwambia, "unaogopa?" "Naogopa, mama." Naweka pasi kwenye mkono wa kwanza. "Mama, wale vijana watatu waliokataa kuisujudia sanamu, walipotupwa kwenye tanuru, hawakuogopa?" na mimi huwaambia watoto kila mwaka kwamba hawakuogopa hata chembe, nani kaniambia? walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, na hata asipotuokoa hatuinami, na hapo kwenye hata asipotuokoa huwa nakimbia, watoto wanataka moto, na mimi nataka kufika kwa yule wa nne, malaika, anayetembea nao ndani ya moto, niifunge upesi kwa mwisho mzuri, kumbe wakati wanaisema hiyo asipotuokoa wa nne hajaonekana, wapo watatu tu na joto usoni... "Waliogopa," nasema, "nadhani waliogopa sana," na Chiriku anashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, "mke wangu!" mume wangu anaita kutoka chumbani, yeye ambaye siku hizi maneno anayapima, "siku ile ya machungwa, ningekuwa na mtu mmoja tu amesimama upande wangu, nisingesema lile neno," na jikoni sufuria zimenyamaza, mama mkwe kasikia, mimi nimesikia, nilikuwa wapi, nilikuwa nyumbani na watoto, hakuna aliyeniita, lakini leo nimeitwa... na mama zao? mama zao wale vijana walikuwa wapi, hadithi haisemi, uwanja mzima ulijaa watu na zumari zinalia, lazima walikuwepo, pengine mmoja alikuwa kifudifudi kama wengine, anamkonyeza mwanawe, inama, mwanangu, inama kidogo yaishe, na jana mle ofisini nilikuwa mama huyo, na paji langu bado lina vumbi la uwanja, lakini paredi bado, paredi haijapigwa kengele, wamfukuze kama watamfukuza, sina ahadi ya malaika, sina shule nyingine mfukoni, nina miguu miwili inayonisikia, itasimama karibu na yake pale kwenye mstari, na mwalimu mkuu akisema mzazi toka, aseme, na mchungaji atatikisa kichwa, atikise... "Mama, mkono mmoja umebaki," anasema Chiriku, "ndiyo, mama yangu, subiri," nageuza mkono wa pili wa blauzi, mama mkwe ameanza tena, safari hii kwa sauti ya chini, chai inapoa, mtoto yuko mlangoni na taulo lake, na mimi nimeshajua gauni nitakalovaa.