Ua la Yunisi Mwambani

Kule Ulemo kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha mwamba cha kuanikia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukaushwa, na kila mmoja alikuwa na mpango wake. Huyu alipanga mistari, yule ngazi, mwingine mkia wa kinyonga. Mvua ikitishia na watu wakakimbilia mwambani, kila mtu alitambua vyake kwa kutazama tu. Mwamba usio na mpango ulihesabiwa hauna mwenyewe.

Yunisi, mke wa Naftali, alipanga ua. Alifariki masika ya vita vya Hitla, homa ikimla, na Naftali yuko barabarani akivunja kokoto za serikali kwa amri ya jumbe. Aliporudi alikuta kaburi. Pole ya serikali hakuipata. Sasa jumbe huyohuyo alitangaza kwamba keshokutwa atapita mwambani, na pasipo na mwenyewe atampa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine, kijiji kizima kilijua, ni mke mdogo wa jumbe mwenyewe.

Basi Naftali akachimba viazi vya marehemu, akamenya, akakata mviringo, akapanda mwambani na ungo. Akaanza kupanga kutoka pembeni. Ua halikutoka.

Jirani yake Dina alikuwa akigeuza michembe yake hapo kando. "Shemeji, hilo ni ua au ng'ombe kalala?"

"Cheka tu. Miaka yote nimembebea ungo, sikutazama hata siku moja."

"Tulijua. Na yeye alijua." Dina akageuza mchembe mwingine. "Mpango wa mtu haufundishwi. Ila marehemu hakuanzia pembeni kama mtu anayelima."

Naftali akazoa yote. Akaweka mchembe mmoja katikati, akauzungushia mingine. Mara ikabanana, mara likabaki pengo. Akaitazama: mikubwa kwa midogo, kama alivyokata. Akaketi akaichambua, inayolingana huku, ncha za viazi kule. Akazungusha tena. Sita. Kila mmoja uligusa wenzake wawili na ule wa katikati. Akajaribu kupenyeza wa saba, ukakataa. Sita tu, kana kwamba viazi vyenyewe vimekubaliana. Mzunguko wa pili ukala kumi na miwili, wa tatu kumi na minane, na ua likazidi kufunguka juu ya jiwe, lina pembe sita, lilelile alilolipita kila mwaka bila kuliona. Hakulia. Aliendelea kuweka.

Siku ikafika, jumbe akaja. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Jumbe akauzunguka mwamba. "Hapa ni pa nani?"

"Pa nyumba ya Naftali," Dina akasema. "Ua hilo nani halijui?" Wanawake wenzake wakaitikia.

Jumbe akakohoa. Wakubwa hawakosi la kudai. "Haya. Basi ghala la njaa lipate ungo mmoja." Akainama achote katikati.

Naftali akamshika mkono, polepole. "Hapo hapana, mwanangu. Chukua huku nje."

Akamwokotea mwenyewe, mmoja mmoja, mzunguko wote wa mwisho, hata ungo ukajaa. Jumbe akaondoka nao. Juani likabaki ua la Yunisi, limepungua kidogo, pembe zake zote sita zipo.