Vitambaa vya Bobini

Asubuhi ya kutetea tasnifu yake ya uzamivu, mwanafunzi wa baiolojia alifanya kosa ambalo binti wa fundi cherehani hakupaswa kulifanya kamwe. Alichukua bobini kumi za mama yake, zote zimezungushiwa uzi mweupe, akazipanga kwenye waya ili awaonyeshe watahini jinsi DNA inavyojizungusha kwenye protini ziitwazo histoni. Kila bobini ilikuwa na kitambaa kinachoning'inia. Akavikata vyote ili kazi ipendeze, akavitia mfukoni.

Mama alishika kiuno. "Wewe mtoto! Hivyo ni vipande vya nguo za wateja! Kilichoachwa huru, nashona leo. Kilichopigwa fundo, bado, sigusi. Sasa nitajuaje?"

"Samahani mama, nachelewa!" Huyoo, mbio.

Mbele ya watahini aliweka waya wake wa bobini mezani. Miaka minne ya jasho ilikuwa mikononi mwa watu watatu, na mmoja wao, profesa mwenye miwani ya kamba, hakuwa na masihara hata chembe.

"Seli ya jicho na seli ya ini zina uzi uleule," alisema. "Kwa hizi bobini zako, seli itajuaje ifungue wapi?"

Binti aliinamia bobini zake. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akatoka na vitambaa. Akavitazama, kisha akacheka peke yake.

"Histoni zina mikia," alisema huku akivifunga upya. "Inachomoza nje ya bobini. Seli huibandika alama za kikemikali. Kuna alama inayolegeza uzi, jeni ikasomwa. Kuna inayoukaza, jeni ikanyamaza. Asubuhi mimi nilikata alama zote, nikiona ni uchafu. Mama amenifokea, na ana haki."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani.

Alasiri binti aliingia nyumbani akipiga kelele, "Nimefaulu!" Mama akamkumbatia hadi mbavu zikamuuma. Furaha ilimjaa binti, macho yakamlenga machozi. Kisha mama akazipokea bobini, akazigeuza moja moja.

"Mbona kitambaa cha bibi harusi kiko kwenye uzi wa sare za manesi? Hebu niambie, kwenye hizo seli zako, alama zikikaa mahali pasipo pake inakuwaje?"

"Inakuwa ugonjwa, mama."

"Haya. Bibi harusi anakuja saa kumi."

Daktari mpya akavua viatu, akaketi sakafuni karibu na dirisha, akaanza kulinganisha weupe wa kitambaa na weupe wa uzi.